Nyumba Mbili kwa Mikono Miwili

Kompyuta ilipoletwa ofisini kwetu Garissa, nilinuna siku tatu. Na kununa nakujua. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso hata mkunga akaniomba radhi. Nilikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, binti wa Lamu niliyesomea kazi hiyo Mombasa, na bosi wangu, mkandarasi wa majengo, alikuwa ameniahidi feni. Badala ya feni akaleta lile sanduku lenye kioo, akaliweka mezani pangu na kulifunika leso ya mkewe ili vumbi lisiingie. Akaniambia hii itachora haraka kuliko wewe. Nikamwambia basi na ije saa mbili asubuhi itie sahihi kitabuni, ipewe na mshahara.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mpaka siku ile nilikuwa nikichora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi nyembamba, zile zinazoonyesha kilicho chini yake. Nikiwa na mawazo mawili juu ya nyumba moja, nililaza karatasi ya pili juu ya ya kwanza, nikaona yote mawili kwa pamoja: mlango wa kwanza umefifia chini, mlango wa pili umekoza juu. Nikikosea nilikwaruza wino kwa wembe, na mstari ulioondolewa uliacha kovu, kwa hiyo ulijua ulitoka wapi. Mashine haikuwa na habari hizo. Kioo chake kilionyesha nyumba moja tu. Ukitaka nyingine, ya kwanza inaondoka, nawe unabaki kuikumbuka kichwani. Na ukifuta, umefuta, hakuna hata kovu.

Nilijifunza hivyo hivyo, kwa shingo upande. Kitu kimoja kiliniingia haraka kuliko vyote, nacho ni woga wa umeme. Umeme wa Garissa siku hizo ulikuwa na tabia ya mgeni asiyeaga. Ungechora saa nzima, taa izime, na kazi yote iende na maji. Kwa hiyo kila nikichora mistari mitatu minne nilibonyeza kuhifadhi. Vidole vilizoea hata bila kuamrishwa.

Kazi yangu ya kwanza kubwa kwenye mashine hiyo ililetwa na mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizotiwa hina na sauti ya chini sana. Alitaka nyumba ya mawe kwa ajili ya mama yake. Mama huyo alikuwa ametoka Diff, kule mpakani Wajir Kusini, alikoishi maisha yake yote akihama na mifugo mpaka magoti yakamwambia basi. Kwa sasa alikuwa amefikia kwa mwanawe, katika chumba cha nyuma, nyumba ambayo mwenye sauti ni mkwe wake. Nyumba mpya ingejengwa ng'ambo ya ua, kwenye kiwanja hicho hicho.

"Dada, chora nyingi umpelekee," akaniambia. "Atakayechagua ni mama. Na mimi usinionyeshe kitu mpaka yeye mwenyewe aseme ni hii."

Nikamtazama. Wateja wetu walizoea kuja na jibu mfukoni: vyumba vinne, sebule kubwa, na ukuta wa nje upite wa jirani kwa urefu. Nikamuuliza kwani yeye hana analolitaka.

"Kwetu mwanamume ana ngamia," akasema. "Nyumba ni ya mwanamke. Aqal, ile yetu ya fito na mikeka, mwanamke anaijenga, mwanamke anaibomoa, mwanamke anaipakia juu ya ngamia. Nikimjengea mama nyumba bila kumuuliza, nitakuwa nimemnyang'anya."

Nilimkuta bibi mwenyewe barazani, ameketi kwenye mkeka na tasbihi mkononi, mwembamba, mgongo umenyooka utadhani amemeza ufito. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, alichokiokota kwa miaka mingi ya kuwauzia maziwa walimu na askari. Nikamsalimia, nikamwita Ayeyo, maana hivyo ndivyo wanavyomwita bibi. Akaniitikia, naye akaniita ayeyo. Siku ya kwanza nilidhani ananidhihaki kwamba nimezeeka, nikataka kukunja uso wangu. Kumbe kwao bibi humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye. Nikalikunjua.

Nikatandaza karatasi mbele yake. "Haya Ayeyo," nikasema, "mwenye macho haambiwi tazama."

Hakuinama. Aliinua uso kidogo, akasema, "Wewe nieleze. Mimi nasikia kwanza."

Nikaeleza, maana kusema sikunyimwa. Hapa ni mlango, hapa chumba cha kulala, huku mgeni anakaa, jiko liko nje, zizi la mbuzi liko pembeni. Akauliza maswali ambayo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Upepo wa kiangazi unaingilia wapi? Mgeni akipiga hodi, anasimama juani ama kivulini? "Na mimi nikilala, mbuzi akikohoa nasikia?"

Nikampelekea ya pili, nikampelekea ya tatu. Kila mara alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha kiganja juu ya karatasi mara moja, akasema, "Mzuri. Leta ingine."

Ya nne nilimpelekea nimevimba. Nikamwambia Ayeyo, hii ni nyumba, si kitambaa cha dukani tukunjue robota zote. Akacheka bila sauti, mabega tu. Akaniamuru niketi, akaniletea chai ya maziwa ya ngamia iliyojaa iliki.

"Bole bole, ayeyo," akasema. "Mimi najenga nyumba tangu msichana. Kila mahali ngamia anakunja goti, mimi najenga. Lakini kabla fito haijaingia chini, mimi natandika mkeka, nalala. Naamka, natembea kidogo, natandika, nalala tena. Halafu nauliza mgongo: hapa, ama pale? Mgongo hawezi kujibu kama amelala mahali moja tu."

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu nikipimwa kwa kalamu na rula, na hakuna mwalimu aliyeniambia jambo hilo kwa uwazi kama yeye. Tangu siku hiyo nilimpenda, na sioni haya kulisema. Nilikuwa mbali na kwetu, na barazani pake palikuwa mahali pekee Garissa ambapo nilisahau kununa. Nilianza kutafuta visingizio vya kwenda. Mara nimesahau rula, mara nataka kupima upana wa ua, ambao tulishaupima mara mbili.

Nilipomsomea ya tano alipitisha kiganja juu yake mara mbili. Kisha akasema, "Kesho leta hii pamoja na ile ya tatu. Zote mbili, siku moja."

"Ya tatu ulishaikataa, nimeitupa."

"Mbona umetupa?" Sauti ilikuwa kali kidogo. "Ile nilikataa ndiyo inaniambia hii ni nini."

Nikarudi ofisini nikijiambia hakuna neno, mashine imeihifadhi. Nikachapa ya tatu, nikachapa ya tano, nikazikunja na kwenda. Pale barazani nikazitandaza ubavu kwa ubavu, nikaanza kueleza kwa kichwa, kwa kuwa zote nilizijua. Ya tatu mlango wake unatazama ukuta wa jirani. Ya tano mlango unatazama zizi. Yeye akasikiliza, akapitisha kiganja juu ya moja, kisha juu ya nyingine.

"Hii," akasema, akigonga ya tatu, "naona mlango amegeuka, anaangalia ukuta. Mbaya. Hii ingine naona mlango anaangalia mbuzi. Mzuri sana."

Nikainamisha macho kuzitazama karatasi. Zilikuwa sawa. Mistari ile ile, mlango ule ule, zote mbili zinatazama zizi. Nilielewa mara moja nilichofanya. Nilifungua ya tatu ili niibadilishe iwe ya tano, na njiani vidole vyangu vyenye woga wa umeme vikabonyeza kuhifadhi kabla sijaipa jina jipya. Nyumba mpya ikaketi juu ya jina la nyumba ya zamani, na ya zamani ikapotea. Nikazihifadhi zote mbili nikidhani ni mbili, kumbe ni moja yenye majina mawili.

Lakini hilo lilikuwa kosa langu na la mashine. Yeye alikuwa ameniambia ameona tofauti.

Hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Ningeweza kunyamaza. Lakini hasira zangu ni za karibu, nilihisi nimechezewa, wiki zote zile za leta ingine. Nikasema, "Ayeyo, hebu niwekee kidole kwenye mlango."

Kidole chake kikashuka taratibu. Kikatua pembeni kabisa mwa karatasi, penye weupe mtupu, karibu na vile vitundu vya ukingoni ambavyo printa huvutia karatasi. Kikakaa pale pale, kikisubiri niseme ndiyo.

Nikakumbuka nilivyomwambia mwenye macho haambiwi tazama. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikaushika mkono wake, nikakisogeza kidole mpaka mlangoni.

"Umejua," akasema.

"Nimejua, Ayeyo. Nisamehe."

Akaniambia polepole, kwa kile Kiswahili chake cha maziwa. Kope zake zilikuwa zimejikunja kwa ndani miaka mingi, zikikwaruza macho kila anapopepesa, na vumbi likasaidiana nazo. Daktari mmoja alishamwambia kilichoharibika hakirudi. Alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Mtu akisimama mlangoni, anajua kuna mtu. Ndani ya ua alihesabu hatua. Mwanawe, alivyoamini yeye, hakujua, na hakutakiwa kujua.

"Kwa nini? Si mwanao? Anakupenda."

"Anapenda, wallahi. Ndiyo shida." Akageuza shanga moja ya tasbihi. "Akijua, nyumba hakuna. Atasema mama haoni, mama atakaa peke yake namna gani? Nitabaki ile chumba ya nyuma. Mtoto atanishika mkono kwenda choo. Nitakula saa wao wanasema kula. Mkwe wangu si mbaya, ayeyo. Lakini ile ni nyumba yake. Mwanamke ambaye hawezi kusimamisha nyumba yake, anawekwa ndani ya nyumba ya mtu. Mimi nataka mara moja tena, nyumba moja, mimi mwenyewe nasema mlango hapa."

Nikamwapia sitamwambia mwanawe. Nilipotoka pale nililia njia nzima mpaka ofisini, na mtu akiniuliza nilisema ni vumbi.

Kulia hakujengi nyumba. Alasiri ile nilikaa mbele ya kompyuta nikaikodolea macho. Mashine ilikuwa ikinidai nione nyumba moja kwa wakati mmoja, na hata hiyo moja ilikuwa ndani ya kioo, mahali ambapo Ayeyo hangeweza kufika. Nikamkumbuka mama yangu Lamu, akishona kofia. Kabla ya kupitisha uzi, maua yote ya kofia huwa yameshatobolewa kwa sindano, tundu kwa tundu, na mama alikuwa akisema tundu zikiwa sawa anashona hata akiongea na jirani, maana kidole kinajua kinapokwenda.

Nikaagiza sindano dukani. Nikaichapa ramani ya tano, nikaibandika juu ya jalada gumu la faili, nikalilaza juu ya leso iliyokunjwa mara nne, nikaanza kutoboa. Kila ukuta ukawa safu ya matundu, na penye mlango nikaacha wazi. Upande wa pili wa jalada kukatokea vipele vidogo vidogo, nyumba nzima ya vipele. Nikafumba macho nikapitisha kidole. Nilikaribia kupiga kelele kwa furaha, ila bosi alikuwa chumba cha pili akiongea na simu.

Kesho yake nikamkabidhi Ayeyo. Akaitandika mapajani, akaanza kutembea juu yake kwa vidole viwili. Alizunguka kuta zote mara mbili hata nikahofu nimemuudhi. Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika. Kisha akakunja paji la uso.

"Wewe ulisema mlango kulia. Kidole anaona kushoto."

Nikaigeuza, nikaona. Bila shaka. Nilitoboa upande wenye wino, na vipele vikatokea kwa nyuma, nyumba ikawa imepinduka, kulia kwake kushoto. Mama yangu angenicheka mwezi mzima. Nikamwambia anipe siku moja nirekebishe.

Na hapo, lazima niseme haki, ndipo nilipoisamehe mashine nusu. Kwa kalamu ningechora upya kutwa nzima. Mashine ilikuwa na amri ya kupindua mchoro kama unavyopinduka kwenye kioo cha kujitazamia. Nikaiamuru, ikapindua, nikachapa, nikatoboa, na safari hii vipele vikatoka sawasawa. Nikampelekea ikiwa bado ina harufu ya gundi.

Akaipokea, akaiweka paja la kulia. Kisha akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa ile ya makosa, akaiweka paja la kushoto. Alikuwa amelala nayo. Akaweka mkono mmoja huku, mmoja huku, akaanza kuingia kwenye nyumba zote mbili kwa wakati mmoja. Vidole vya kushoto vikavuka mlango, na vya kulia vikavuka mlango. Vikakata kona pamoja. Vikafika chumba cha kulala pamoja, vikasimama. Mimi nilikuwa nimekaa nimejishika mdomo. Tangu mashine ije nilikuwa naona nyumba moja na kukumbuka nyingine, na mara nyingi nakumbuka vibaya. Yeye hakuwa anakumbuka kitu. Alikuwa ndani ya zote mbili.

"Hii," akasema, akaipiga ile ya kushoto. "Hii ya makosa."

"Ayeyo, hiyo ni kosa langu, sikuikusudia."

"Mimi nalala ubavu wa kulia, kichwa kwa huu ukuta. Kwa hii ya makosa, uso yangu iko kwa mlango, naskia mbuzi, naskia nani anakuja. Kwa hii ya sawa, nimempa mlango mgongo." Akatabasamu. "Mungu amekukosesha vizuri."

Ofisini nikabadili mwenendo. Sikufuta tena. Nilichora kila wazo ndani ya faili moja kubwa, nyumba zimepangwa safu, zilizokataliwa na zilizokubaliwa, kila moja na namba yake, na nikiisogeza picha mbali nilizitazama zote kwa pamoja, ndogo ndogo. Ilikuwa polepole, na bosi alilalamika kwamba ninajaza diski. Nikamwambia anunue nyingine, au arudishe mashine anipe feni yangu. Miaka mingi baadaye nilikuja kutumia programu zinazoweka mawazo mawili ubavu kwa ubavu, ukigusa hili na lile linasogea. Vijana niliofanya nao kazi walizistaajabia. Mimi nilikuwa nimeshaliona jambo hilo likifanyika mapajani mwa bibi.

Siku ya kutia sahihi, mwanawe alikuja ofisini. Nilikuwa nimeacha majalada mawili mezani, mjinga mie. Akayachukua kabla sijayafunika. Akapitisha kidole gumba juu ya vipele, mara moja, mara mbili.

"Hii ni ya nini, dada?"

"Ni mtindo wa kwetu Lamu," nikasema. "Wa kofia."

Akaendelea kupapasa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa nimeapa, lakini uso wangu haujawahi kuficha kitu tangu nizaliwe. Akaweka jalada chini kwa adabu kubwa.

"Amechagua hii kwa kidole?"

Nikajifanya napanga kalamu.

"Usijibu, najua umemwahidi," akasema. "Mimi ndiye niliyemleta kutoka Diff. Siku mbili njiani kwenye lori. Nilimpa kikombe cha maji akakipokea hewani. Nitakosaje kujua?"

Nilishikwa na hasira na huruma kwa wakati mmoja. Nikamuuliza kwa nini basi ameniacha nimpelekee karatasi mama asiyeona, wiki baada ya wiki, nikimtesa.

Akatazama mikono yake. "Nilifikiri utamweleza tu kwa mdomo, naye atachagua kwa masikio. Sikujua njia nyingine. Nikimwambia mama, najua huoni, siku hiyo hiyo ataacha kutaka. Namjua. Atasema haya, niweke popote. Mama akisema niweke popote, dada, hatamaliza mwezi." Akalinyoosha jalada mezani. "Nilitaka aulizwe. Mtu anayeulizwa nyumba yake bado ana nyumba."

Nikabaki na siri za pande mbili. Mama hataki mwana ajue, mwana anajua na hataki mama ajue kwamba anajua. Kuna siku nilitaka kuwashika vichwa niwagonganishe kwa mapenzi yao. Lakini nilinyamaza, na kwa mtu wa mdomo kama wangu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchora.

Nyumba ilikwisha kiangazi. Haikuwa kubwa. Siku ya kuhamia tulikusanyika uani baada ya adhuhuri: mwana, mkwe, mafundi wawili na mimi. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa na ule mchanga mweupe ukilirudisha usoni, hata ukimtazama mtu lazima ufinye macho. Mafundi walishaingiza kitanda, mikeka na kisanduku chake, mahali alipoelekeza. Ayeyo akasema ataingia peke yake kwanza, na hakuna wa kumfuata.

Akavuka kizingiti bila kushika ukuta. Tukasikia nyayo zake. Hazikuwa nyayo za kupapasa. Zilikwenda, zikakata kona, zikasimama pale kitanda kilipo. Dirisha likafunguliwa. Mbuzi mmoja akalia zizini na tukamsikia Ayeyo akimjibu kwa Kisomali, kama anayemwambia mtoto atulie. Mwanawe alikuwa kando yangu, midomo inacheza, anasoma dua.

Mwana akasogea mpaka mlangoni, akasimama. Kila jiwe la nyumba ile alikuwa amelileta yeye, na hakuvuka.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

"Ni mimi, hooyo. Mwanao."

Ayeyo alimwacha asubiri, na sidhani palikuwa na mtu uani asiyeelewa kwamba hiyo ilikuwa haki yake.

"Ingia."

Akaingia, nami nikasogea nyuma yake kizingitini. Kutoka kwenye jua lile, ndani palikuwa giza totoro. Sikuona hata mkono wangu. Na yeye vivyo hivyo. Alipiga hatua moja, mguu ukagonga kisanduku, akasimama amenyoosha mikono mbele, hajui aelekee wapi.

"Mama, sioni," akasema.

Nikasikia nyayo za Ayeyo zikimjia moja kwa moja, bila haraka. "Ngoja hapo," akamwambia. Akamshika kifundo cha mkono, akamzungusha kwenye kisanduku, akampitisha kando ya kitanda, akamketisha kwenye mkeka wa wageni.

"Kaa," akasema. "Macho itarudi. Mimi naleta chai."